Tuna miezi minane kuinunua nyumba ya Upanga isibomolewe. Tuanzie wapi kuchangisha?

"Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili: wasanifu majengo vijana, walimu, mpiga picha na mkutubi mmoja mstaafu. Hapa Upanga, Dar es Salaam, kuna nyumba ya familia iliyojengwa 1957. Ni ya ghorofa moja, ina paa bapa, ngazi ya terazo, na upande wa magharibi ukuta mzima ni wa matofali ya matundu. Bibi aliyeishi humo amefariki, na watoto wake, walioko Kanada na Uingereza, wanataka kuuza. Dalali ameshaleta mnunuzi atakayebomoa na kupandisha ghorofa kumi. Mtoto mkubwa anatuelewa. Amesema tukileta fedha kabla ya mwisho wa Juni atatuuzia sisi. Tunataka pawe maktaba ya usanifu, ukumbi mdogo wa maonyesho na mahali pa watoto wa mtaa kusomea. Kundi letu la WhatsApp lina watu 340 na ahadi zimefika shilingi milioni 11. Bei ni bilioni 1.8. Wengine wanatuambia tuiandikie UNESCO, wengine tufungue ukurasa wa michango mtandaoni ili walioko nje watoe. Wazee wa mtaa wanatucheka. Je, inawezekana? Na nyumba ikishapita miaka sitini, sheria haizuii kubomolewa?"

Ndugu zangu, naanza na swali lenu la mwisho kwa kuwa jibu lake linagusa mengine yote. Hapana, umri wa nyumba hiyo hauizuii kubomolewa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baadaye hulindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza rasmi. Nyumba ya 1957 imekosa mwaka huo kwa karibu karne nzima. Leo hii kinachosimama kati yake na tingatinga ni vibali vya mipango miji na hiari ya familia, basi.

Mnaweza kuomba itangazwe. Nawashauri msifanye hivyo sasa, na najua wahifadhi wenzangu wengine watanipinga. Jiwekeni mahali pa yule mtoto mkubwa: amewaonea imani, amewapa miezi minane, halafu anasikia mmeenda Idara ya Mambo ya Kale kuomba kiwanja cha mama yake kifungwe mikono. Mnunuzi mwingine atakimbia, bei itaporomoka, na familia itawaona wezi waliokuja na tabasamu. Tena maombi hayo huchukua muda, wakati kubomoa nyumba ya ghorofa moja ni kazi ya siku chache. Ombi la kutangazwa lije baadaye, baada ya kutia saini na familia, na ikiwezekana nao watie saini ombi lenyewe.

Kuhusu UNESCO, nawaomba mwondoe jina hilo kwenye kundi lenu kabla halijawapotezea mwezi mzima. Maeneo ya Urithi wa Dunia hupendekezwa na serikali, si na vikundi wala wenye nyumba. Asmara, mji wenye majengo mengi ya usasa (ule mtindo wa karne ya ishirini wa zege, paa bapa na maumbo yasiyo na mapambo, kama nyumba yenu) kuliko karibu mji wowote barani kwetu, uliingia kwenye orodha mwaka 2017 kama mji, hakuna aliyeorodhesha nyumba ya fulani. Na orodha haiji na mfuko wa saruji. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko ndani tangu 2000, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, iliporomoka ukarabati ukiendelea na watu wakapoteza maisha.

Hapa ndipo penye jambo ambalo vikundi vingi hulielewa vimechelewa. Mifuko mikubwa ya urithi, karibu yote, haitoi fedha ya kununua. Wakfu wa Getty wa Marekani uliendesha mpango maalumu wa majengo ya usasa kuanzia 2014 hadi 2020 na kutoa ruzuku 77 duniani. Fedha hizo zilikwenda kwenye utafiti, vipimo na mipango ya uhifadhi, na mpango wenyewe umekwisha. Mfuko wa mabalozi wa Marekani wa kuhifadhi utamaduni umeandika wazi kwenye masharti yake kwamba haununui mali ya mtu binafsi wala kuikarabati. Si roho mbaya. Anayelipia ununuzi anaweka fedha mfukoni mwa muuzaji, na siku inayofuata jengo ni lilelile, dari inavuja palepale. Akilipia utafiti au ukarabati anaona kazi, anapiga picha, anaandika ripoti. Lakini ataka kwanza kuona jengo liko mikononi mwa taasisi anayoweza kuidai hesabu. Kwa hiyo pangeni akili zenu hivi: fedha ya kununua hutoka karibu, kwa watu wenye sababu yao wenyewe ya kuipenda nyumba hiyo au mtaa huo. Fedha ya kukarabati inaweza kutoka mbali, na huja baadaye.

Sasa bei. Bilioni 1.8 si bei ya nyumba. Ni bei ya kiwanja pamoja na ghorofa kumi ambazo hazijajengwa. Kwenye hesabu za mnunuzi yule, ngazi yenu ya terazo iko upande wa hasara, kwani ni gharama ya kubomoa na kuzoa kifusi. Ndiyo maana sitaki mshindane naye kwa bei. Mkiongeza milioni 50, yeye ataongeza 100 na bado atapata faida. Jiulizeni ni kitu gani mnaweza kuipa familia ambacho yeye hana. Kuna jina la mama yao mlangoni. Kuna nafasi ya mmoja wao kwenye bodi ya wadhamini, au chumba ambacho wajukuu watafikia wakija Dar. Na kuna kitu cha kibiashara kabisa: viwanja vingi vya Upanga vina uwanja mpana nyuma, pale penye vyumba vya uani. Ikiwa mipango miji inaruhusu kukigawa kiwanja, familia inaweza kubaki na kipande cha nyuma au kukiuza, na ninyi mkanunua kipande chenye nyumba kwa fedha ndogo zaidi. Mpangaji miji mwenye leseni atawaambia kwa muda mfupi kama hilo linawezekana. Mwoneni kabla hamjatengeneza hata bango moja.

Kabla ya hapo lakini, hakikisheni anayewauzia ana cha kuuza. Nasema hivi kwa sababu ya historia ya Dar yenyewe. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambayo mwenye nyumba hakuwa akiyakalia mwenyewe. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba iliyokaliwa na mwenyewe iliponea. Kuna familia zilizoendelea kuishi miaka yote kwenye nyumba ambayo kwa hati ni mali ya shirika, na watoto waliokulia humo hawajui. Fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati: jina la nani limo, muda wa miliki umebaki miaka mingapi, kodi ya pango la ardhi imelipwa, kuna rehani au zuio? Kisha ulizeni mirathi. Msimamizi ameteuliwa na mahakama? Warithi wote wamekubali, au mnayeongea naye ni mkubwa wao tu? Na kama wamechukua uraia wa Kanada au Uingereza, hadhi yao juu ya ardhi ya Tanzania ni swali la wakili, si la kundi la WhatsApp.

Yote hayo yakikaa sawa, hitaji lenu la kwanza bado si bilioni 1.8. Ni muda. Miezi minane haitoshi kukusanya fedha hizo kwa heshima, na haraka ndiyo huvifanya vikundi vichukue mkopo wa riba kubwa au mfadhili mwenye masharti ya ajabu. Ombeni mkataba wa kuwekewa nyumba: mnalipa kiasi kidogo, tuseme milioni 20 au 30, na familia inajifunga kwa maandishi kutomuuzia mtu mwingine kwa miezi 18 au 24, kwa bei iliyoandikwa humo. Mkikamilisha, kiasi hicho kinahesabika kwenye bei. Mkishindwa, wanabaki nacho. Hilo ni lengo ambalo watu 340 wanaweza kulifikia ndani ya wiki sita, na litawaonyesha ninyi wenyewe kama mnaweza kuchangisha. Mkishindwa kupata milioni 30 mwaka huu, mmejifunza jambo kwa bei nafuu.

Sehemu ya fedha hizo za mwanzo iende kwa mhandisi. Nyumba za miaka ile zina ugonjwa wake, na Dar, pamoja na bahari, inauharakisha. Zege jipya lina ualkali mkali unaoifunika nondo kama ngao isipate kutu. Miaka inavyopita hewa ukaa hupenya taratibu na kuupunguza ualkali huo, na upepo wa bahari huleta chumvi inayoishambulia ngao ileile kwa njia yake. Ngao ikiisha, nondo huanza kutu. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kubanduka. Wasanifu wa usasa walipenda vitu vyembamba: mapezi ya kukinga jua, vibaraza vinavyoning'inia, ukingo mwembamba wa paa. Zege la juu ya nondo ni jembamba vilevile, ndiyo maana hapo ndipo huanza. Fundi akija na lipu na rangi, mwaka mmoja nyumba itapendeza, huku kutu inaendelea ndani.

Kwa hiyo mhandisi asiangalie kwa macho tu. Apime kina cha zege lililopoteza ualkali, apime chumvi, afukue sehemu chache aione nondo. Paa bapa lichunguzwe peke yake, hasa miteremko yake ya maji na mabomba yaliyopita ndani ya nguzo, kama yapo. Baada yake mwiteni mkadiriaji majenzi aweke bei. Ripoti hizo mbili ndizo hati zenu za kwanza za kuchangisha. Mtu mwenye fedha atauliza, "Ukarabati ni kiasi gani?" Mkimjibu "tunakadiria", mazungumzo yamekwisha hapo, hata kama atawapa chai ya pili.

Sasa tuje kwenye kuchangisha kwenyewe, na nikosoe jambo moja kwa upole. Kundi lenu la WhatsApp mnaliendesha kama kamati ya harusi: ahadi, orodha, kumbusho, majina yenye alama ya vema. Kamati ya harusi hufanikiwa kwa sababu ina tarehe, na kwa sababu kila anayetoa anajua zamu yake itafika, kwake au kwa mwanawe. Nyumba haina zamu. Hakuna atakayewachangia kwa kuwa mlimchangia. Atatoa kwa sababu nyingine, na kazi yenu ni kuijua sababu hiyo kwa mtu mmoja mmoja.

Fanyeni hesabu. Bilioni 1.8 kwa watu 340 ni zaidi ya milioni 5 kwa kila mmoja, na mnajua haiwezekani. Michango ya aina hii haiendi sawa kwa sawa hata siku moja. Mgawanyo unaofanana na ukweli ni kama huu: mmoja anatoa milioni 400, watatu milioni 150 kila mmoja, wanane milioni 50, thelathini milioni 10, na waliobaki wote, hata wawe elfu mbili, wanaleta milioni 250. Jumlisheni mtaona watu 42 wametoa karibu asilimia 86. Basi swali la kampeni yenu ni kuwajua hao 42, na kwa kila mmoja wao kuwa na majina matatu au manne ya kuendea, kwa kuwa wengi watakataa.

Watu hao hawapatikani kwa tangazo. Hukaa na mtu wanayemwamini, sebuleni, wakioneshwa picha na ripoti. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kimyakimya kwanza. Nusu ya fedha, au zaidi, iwe imeshaahidiwa kwa maandishi kabla hamjasimama mbele ya kamera. Mkitangaza leo mkiwa na milioni 11 kati ya 1,800, kila atakayefungua ukurasa wenu ataona mradi ulioshindwa. Mkitangaza mkiwa na bilioni moja, mwenye elfu ishirini atataka awemo.

Tafuteni kwenye duara hizi: familia zilizokulia Upanga na sasa zina biashara Dar, Nairobi, Toronto au Leicester, ofisi za usanifu na wakandarasi waliotajirika kwa kujenga mji huu, viwanda vya saruji, chuma na rangi, ambavyo pengine vitatoa vifaa kuliko fedha. Msidharau vifaa, lakini viandikeni kwenye hesabu kwa bei halisi.

Na je, nyumba hiyo nani aliisanifu? Hamkusema, nami nashuku hamjui. Nendeni mtafute ramani, kwa familia kwanza, kisha kwenye kumbukumbu za halmashauri. Dar ya miaka ya 50 ilikuwa na watu wazito. Anthony Almeida alizaliwa hapahapa mwaka 1921, akasomea Bombay, akafungua ofisi Dar mwaka 1950 na kuendelea kuusanifu mji huu kwa miongo. Ernst May, msanifu Mjerumani aliyejulikana kwa makazi aliyoyajenga Frankfurt, alisanifu jengo la ushirika wa KNCU kule Moshi. Beda Amuli alikuja baadaye na Soko la Kariakoo. Jina la msanifu linaweza kuongeza watu kumi kwenye wale 42. Lakini msiseme "ni ya Almeida" kwa kuwa inafanana na za Almeida. Mwenye milioni 150 ana mpwa wake anayejua kuuliza, na mkibainika mmebahatisha hilo, watahesabu mmebahatisha na mengine.

Wazee wanaowacheka waambieni habari ya Brazzaville. Mwaka 1951 mbunifu Mfaransa Jean Prouvé alipeleka huko nyumba za alumini zilizotengenezwa Ufaransa na kuunganishwa palepale. Zilikaa karibu miaka hamsini watu wakizipita. Kisha wafanyabiashara wa sanaa wakaja, wakazifungua, wakazisafirisha, na mwaka 2007 moja ikauzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5. Zege la Upanga halifunguki likapanda meli, hiyo ndiyo nafuu yenu. Ila kuna wanaoijua thamani ya vitu hivi.

Ukurasa wa mtandaoni una nafasi yake, ni ya mwishoni. GoFundMe hailipi kwenye akaunti za Tanzania, kwa hiyo vikundi humtumia shangazi aliyeko nje afungue kwa jina lake. Fedha inaingia akaunti binafsi, kodi inamhusu yeye, mkikosana imebaki kwake, na watoaji hawana pa kuuliza. Njia safi ni kutafuta shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza au Kanada ambalo malengo yake yanaruhusu kupokea kwa niaba yenu na kuwatumia kwa mkataba. Uingereza kuna faida ya ziada: mtoaji akiwa mlipakodi, shirika hilo linaweza kudai serikalini peni 25 juu ya kila pauni aliyotoa. Watoto wa marehemu walioko huko huenda wanalijua shirika kama hilo kwenye jumuiya yao. Waulizeni.

Na hapa nyumbani, fedha isiingie kwenye simu ya mtu. Hata ya mkutubi mstaafu, namheshimu bila kumjua. Kikundi chenu hakina uwezo wa kumiliki ardhi mpaka kiwe mtu kisheria. Kwa jengo la kudumu, mimi napendelea wadhamini waliosajiliwa kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini: mali inakuwa ya bodi ya wadhamini, na mmoja akifa au akihama haiingii kwenye mirathi yake. Wengine huchagua kujisajili kama NGO chini ya sheria ya 2002, ambayo ni nzuri kwa kupokea ruzuku lakini ina wajibu wake wa kutoa taarifa za fedha na mikataba ya ufadhili kwa Msajili. Mnaweza kuwa na vyote viwili, chombo kimoja kikimiliki na kingine kikiendesha, ila kwa watu kumi na wawili naona ni makaratasi mengi mno kuanzia nayo. Andikeni kwenye hati ya udhamini kwamba nyumba haiuzwi wala kuwekwa rehani bila kura ya wengi sana, na kwamba chombo kikivunjika inakwenda kwa taasisi nyingine ya umma yenye lengo kama lenu. Kifungu hicho ndicho mtoaji mkubwa atakachosoma kwanza. Msimwahidi mtu nafuu ya kodi. Usajili peke yake hauwapi hadhi ya taasisi ya hisani kwa TRA, mamlaka ya mapato, ni uamuzi wa Kamishna na huombwa.

Mkinunua, ndipo gharama zinaanza. Hili sitalipitia haraka. Huko Plano, jimbo la Illinois, kuna nyumba ya vioo na chuma ambayo msanifu Mies van der Rohe alimjengea daktari Edith Farnsworth, ikakamilika 1951 kando ya mto Fox. Jimbo lilipanga kuinunua, kisha mpango ukaachwa. Ikapelekwa mnadani New York tarehe 12 Desemba 2003, watu wakihofu mnunuzi angeifungua na kuihamisha. Taasisi mbili za uhifadhi, ya taifa na ya jimbo, zilichangisha kwa mbio, kwa sehemu kubwa kutoka kwa watu wa Chicago wenyewe, zikashinda kwa dola milioni 7.5. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa umma. Septemba 2008 mto ulifurika, maji yakaingia ndani, wakaanza kutafuta fedha upya. Ushindi wa mnadani haukuwa umelipia mafuriko.

Mfano ulio karibu zaidi na ninyi kwa ukubwa uko West Hollywood, California: nyumba aliyojijengea msanifu Rudolph Schindler mwaka 1922. Kikundi cha marafiki wa nyumba hiyo kiliinunua 1980 kwa msaada wa ruzuku ya jimbo. Kuipa uhai wa kila siku kulikuja baadaye, mwaka 1994, walipoingia mkataba na jumba la makumbusho la MAK la Vienna, mji alikozaliwa Schindler. Kikundi kikabaki na umiliki. Maonyesho na wasanii wa kukaa humo vikaletwa na mshirika mwenye wafanyakazi na bajeti. Nawashauri mtafute mshirika wa namna hiyo mapema: chuo, maktaba, kituo cha utamaduni. Nendeni pia Old Boma pale Sokoine Drive mkaone kituo cha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam kinavyoendeshwa, kisha muwaulize waendeshaji maswali ya kuchosha: umeme kwa mwezi, mlinzi, maji, nani anafungua Jumapili. Jengo lile ni la umma, na lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, jambo ambalo lingekuwa gumu kwa nyumba ya mtu binafsi.

Mpango wenu wa maktaba na watoto ni mzuri, lakini haulipi bili. Watoto hawalipi, na wasilipe. Tafuteni vyumba viwili vinavyoweza kuingiza fedha bila kuifukuza maktaba: ofisi ndogo ya usanifu inayopanga juu, mgahawa barazani, ukumbi wa kukodi jioni. Kumbukeni kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kunahitaji kibali, na majirani watasikilizwa. Kwenye lengo la kampeni ongezeni ukarabati na gharama za kuendesha miaka mitatu. Ndiyo, namba inazidi bilioni 1.8. Afadhali watu waione sasa.

Je, inawezekana? Kwa kununua moja kwa moja kabla ya Juni, kwa mnavyosimama leo, sioni. Kwa mkataba wa miezi 24, kiwanja kikigawanyika na mfadhili mmoja mkubwa akapatikana ndani ya miezi sita, inawezekana kwa shida. Kuna njia ya tatu ambayo hamkuitaja: kupanga nyumba kwa muda mrefu, miaka 15 au 20, familia ikibaki na kiwanja kinachopanda thamani na kupata kodi kila mwezi. Hapo mnakuwa wageni, na mfadhili wa ukarabati atasita kuwekeza kwenye nyumba ya wengine, lakini nyumba inasimama. Na kama yote yatashindikana, ombeni ruhusa ya kuipima na kuipiga picha yote, chumba kwa chumba, kabla haijaondoka. Kazi hiyo ianzeni sasa hata kama mna matumaini, kwa sababu ndiyo kiini cha ripoti ya mhandisi na cha kitabu mtakachowaonyesha wafadhili.

Mambo matatu msiyafanye kwa ushauri wa maandishi, wangu au wa mtu mwingine. Mkataba wowote na familia uandikwe na wakili wa ardhi ambaye si wakili wao. Thamani itolewe na mthamini aliyesajiliwa. Bei ya dalali si thamani. Na ikiwa kibaraza kimeshapasuka au zege linadondoka, mtu asipite chini yake hadi mhandisi afike, hata kwa picha moja ya kampeni.

Mkimwandikia mtoto mkubwa wiki hii, msimwombe apunguze bei. Mwombeni barua ya kuwaruhusu kufanya upekuzi na kumwingiza mhandisi, mwombeni muda wa kuzungumza na ndugu zake wote kwa pamoja kwenye simu ya video, na muulizeni kama ramani za ujenzi ziko bado kwenye makaratasi ya marehemu mama yake, kabla mtu hajaja kusafisha nyumba na kuzitupa.